Rakaa Mbili za Dhakwani

Wazee wetu waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, walikuwa wakipokezana kisa cha mja mmoja mwema aliyeitwa Dhakwani, fundi wa matandiko ya ngamia katika mji mdogo wa nchi za Sham. Jina la mji wenyewe halikutufikia sawasawa. Wapokezi wanahitilafiana, na mimi sitaki kuongeza la kwangu. Kisa ndicho tunachokihitaji, hasa sisi ambao tukishafunga takbira, mikono inatua kifuani na moyo unachukua kikapu unakwenda sokoni.

Huyu Dhakwani alikuwa mtu wa swala, na hakuna aliyemtia doa. Adhana ikimkuta anashona, sindano ilibaki palepale kwenye ngozi, na mteja akitaka kulalamika atalalamika peke yake. Kazi yake nayo ilisifika. Viongozi wa misafara walipindisha njia wapite kwake, kwa sababu tandiko la Dhakwani halikumchubua ngamia wala halikumchosha mpandaji. Alikuwa na mke, Bi Lubaba, na binti mmoja, Suhaila, aliyekwisha kuolewa mji wa jirani. Maisha yalikwenda kwa amani.

Mwaka mmoja akashikwa na homa, homa ya kumlaza mtu na kumsahaulisha hata jina lake. Majirani wakawa wanaingia kumjulia hali na kutoka wakitikisa vichwa. Siku iliyokuwa nzito kuliko zote, imamu wa msikiti wao alikuja kumsomea, na chumba kikajaa watu. Hapo ndipo Dhakwani, midomo imemkauka, alipofungua macho na kusema maneno ambayo laiti angeyameza.

"Mola wangu akiniinua hapa," akasema, "ni nadhiri juu yangu nimswalie rakaa mbili ambazo moyo wangu hautatoka humo hata mara moja, tangu takbira mpaka salamu."

Chumba kizima kikaitikia Amina. Imamu akafuta machozi. Bi Lubaba peke yake, aliyekuwa amekaa kichwani pa mumewe na kitambaa cha maji, hakuitikia. Alimwinamia akamwambia sikioni, "Baba Suhaila, si ungeahidi kondoo."

Na nyinyi wenzangu mnajua nadhiri ilivyo. Ni ahadi ambayo mja anajifunga nayo mwenyewe mbele ya Mola wake. Hakuna aliyemlazimisha, lakini akishaitamka imemshika. Mwenyezi Mungu kwa rehema zake akamwinua Dhakwani. Homa ikashuka, chakula kikapanda, na baada ya muda akawa anatembea mwenyewe mpaka msikitini, watu wakimpa mkono na kumwambia hongera. Siku ya Ijumaa imamu akapanda mimbari akaitaja nadhiri ile mbele ya umma. Wengine wakiugua wanaahidi mbuzi, akasema, wengine wanaahidi nafaka. Mwenzetu ameahidi moyo wake. Waumini wakageuka kumtazama. Dhakwani akainamisha kichwa kwa haya, na ndani kabisa, tusimfiche, akaona raha kidogo.

Raha ile haikudumu. Alipopata nguvu alitawadha vizuri, akavaa nguo safi, akasimama kutimiza ahadi yake. Akafunga takbira. Hakufika nusu ya Alhamdu, akajikuta anafikiria pembe ya mbele ya tandiko la kiongozi fulani wa msafara, kwamba ingekaa vizuri zaidi kama angeikunja kidogo kwa ndani. Akashtuka. Akasema hizi hazihesabiki, akaanza upya. Mara ya pili alifika rukuu, na akiwa katika rukuu akaikunja ile pembe, akaipigilia misumari, akaivisha ngozi. Mpaka anatoa salamu tandiko limekwisha, limebaki kupakwa mafuta tu.

Wasimulizi wanasema, na wanacheka wanaposema, kwamba matandiko mazuri kuliko yote ya mji ule yalibuniwa mwaka huo, na yalibuniwa katika sijida.

Lakini kwake halikuwa jambo la kuchekesha hata kidogo. Alirudia kesho yake, akarudia tena, akawa anaswali rakaa mbili baada ya rakaa mbili kama mtu anayetafuta pete iliyoanguka kisimani. Akafunga duka ili matandiko yasimfuate, yakamfuata. Akahamisha mkeka wake uani, kisha darini, kisha shambani kwa shemeji yake. Akawa mkali nyumbani. Bi Lubaba akigusa sufuria, anaambiwa anampotosha. Kuku akilia, kosa la Bi Lubaba. Swala iliyokuwa mapumziko yake tangu ujana ikageuka mahakama, na kila akisimama juu ya mkeka alikuwa mshitakiwa, na kila akitoa salamu alikuwa amehukumiwa.

Na mtaani watu hawakumwachia nafasi. Kwa nia njema kabisa walimsimamisha njiani na kumwuliza kama ameshaiswali ile swala, na ilikuwaje, na awaombee dua. Akawa anajibu kwamba insha'Allah, hivi karibuni. Kumwuliza imamu aliona haya. Atamwambiaje mtu aliyemtaja mimbarini kwamba moyo aliouahidi haukai? Usiku alikuwa akijigeuza kitandani akiwaza: mimi nilikuwa mtu wa kufa, nikaachiwa uhai kwa ahadi, na ahadi sijaitimiza, mauti yakija sasa, nitasema nini? Hilo ndilo lililomkondesha kuliko homa. Hakuogopa kufa. Aliogopa kufa akiwa mwongo mbele ya Mola wake.

Hatimaye akamwambia mkewe kwamba kila kazi ina fundi wake na mahali pake pa kujifunzia. Yeye mwenyewe hakuzaliwa anajua kushona ngozi. Alikaa miguuni pa fundi. Basi na kazi hii ya kuutuliza moyo lazima iko mahali inapofundishwa. Bi Lubaba, ambaye alikuwa amechoka kuliko anavyosema, akamfungia mikate na zeituni. Alimwambia kitu kimoja tu mlangoni: aende akajifunze, lakini arudi Dhakwani yuleyule, kwa sababu huyu mwingine hamjui.

Mji mkubwa wa nchi ile ulikuwa na zawiya kadhaa, yaani nyumba ambamo masheikh waliwafundisha watu dhikri na muraqaba. Muraqaba, kwa asiyejua, ni mja kukaa kimya na kuukalisha moyo wake ukijua kwamba Mola wake anamtazama. Kila zawiya ilikuwa na njia yake, na kila njia ilikuwa na watu wa kuapa kwamba hiyo ndiyo njia. Dhakwani akaamua hataingia kichwakichwa. Ataonja kwanza, kama mnunuzi wa ngozi anayeinusa na kuivuta kabla hajaichukua.

Zawiya ya kwanza ilikuwa ya dhikri ya sauti. Watu walisimama safu kwa safu, wanayumba pamoja na pumzi zinapanda na kushuka pamoja. Mgeni wetu akayumba nao mpaka jasho likamtoka, na kwa muda ule wote hakukumbuka tandiko hata moja. Machozi ya furaha yakamlengalenga. Akasema nimefika. Wakamaliza, ikaadhiniwa Adhuhuri, akasimama kuswali kwa utulivu, na hapo kwenye utulivu matandiko yakarudi yote, pamoja na yale aliyokwisha kuyauza. Akawashukuru wenyeji, akawaombea kheri, akaaga. Dhikri yao ilikuwa njema, wala hakuisema vibaya hata siku moja. Haikuwa dawa ya ugonjwa wake, basi.

Ya pili ilikuwa ya sheikh mwanachuoni aliyefundisha maradhi ya moyo. Alikuwa bahari ya elimu, Mwenyezi Mungu amlipe. Siku ya kwanza alieleza ria, yaani kufanya ibada ili watu waone, na matawi yake. Siku iliyofuata, ujubi, yaani mtu kujiona mwema, na jinsi unavyojificha. Dhakwani alisikiliza na kujipima, na kila gonjwa lililotajwa alilikuta kwake limekaa kitako. Akakumbuka raha ile ya siku ya Ijumaa watu walipogeuka kumtazama, akahisi ardhi inamkimbia. Alikuja na ugonjwa mmoja. Hapa alikuwa anajaziwa mzigo. Akatoka akiwa mdogo kuliko alivyoingia, na bado moyo hautulii, sasa unatangatanga na kujilaumu kwa pamoja.

Akakaa chini ya ukuta wa soko, amejishika tama. Hapo muuza tende mmoja, alipojua shida yake, akamwelekeza kwa Sheikh Khusaibu. Akamwambia kwake huko hakuna kelele wala maneno mengi. Mtu anaingia khalwa, chumba kidogo cha upweke, anakaa na Mola wake siku chache. Akitoka, sheikh anamwuliza mbele ya wenzake alichokiona. Akishajibu kwamba ameona nuru, anavishwa shali nyeupe, na watu wanashuhudia kwamba moyo wake umetulia. Wote wanaona, akasema muuza tende. Hajawahi kusikia aliyekosa.

Dhakwani akainuka bila kujua ameinuka. Hii ndiyo aliyokuwa anaitafuta! Shali nyeupe, na mashahidi. Atarudi nayo mjini kwao mabegani, hakuna atakayemwuliza tena, na nadhiri itakuwa imetimia.

Sheikh Khusaibu alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kujikwaa kidogo. Zawiya ile aliirithi kwa baba yake, na baba yake kwa babu yake, pamoja na desturi zake zote. Alimkaribisha mgeni, akamwuliza hali ya nyumbani, akamfundisha jinsi ya kukaa: aelekee kibla, alitaje Jina la Mola wake kwa moyo pamoja na pumzi, na ajue kwamba anatazamwa. Moyo ukienda, aurudishe. Hakusema zaidi. Dhakwani aliona uso wa mzee yule una huzuni ambayo haikufanana na mahali pale, lakini hilo halikuwa lake. Yeye alikuwa na haraka ya kuona nuru.

Aliyekuwa akimhudumia ni naqibu wa zawiya, yaani msaidizi wa sheikh, Mzee Saaduni, mtu mzima aliyekaa pale miaka mingi na shali yake nyeupe imeshakuwa rangi ya chai. Alimwingiza chumbani, akampa mkeka na mtungi wa maji, akafunga mlango.

Sasa nyinyi mnadhani alifanya nini mle ndani? Alikaa. Akalitaja Jina. Moyo ukaenda kwenye matandiko, akaurudisha. Ukaenda kwa Bi Lubaba na maneno yake ya mlangoni, akaurudisha. Mchana, harufu ya dengu ikapenya chini ya mlango kutoka jikoni mwa zawiya, na moyo ukaenda jikoni ukakaa huko na kijiko. Akaurudisha kwa nguvu, akaukaripia. Siku ikapita hivyo, na iliyofuata ikapita hivyo, na nuru hakuna. Giza la chumba lilikuwa giza la chumba.

Alipoona siku zake zinakwisha, akaanza kubabaika. Akayafumba macho kwa nguvu. Halafu, Mola amsamehe na atusamehe na sisi, akaweka vidole juu ya kope na kuyaminya macho yake. Mtoto yeyote anajua kinachotokea. Vikaja vinyota, vikaja vizunguzungu vya manjano na kijani, vikawaka na kuzimika.

Akaondoa vidole. Wazo likamjia. Hii si nuru? Akiulizwa ameona nini, akajibu ameona nuru ya kijani, atakuwa amesema uongo? Ameiona kwa macho yake mwenyewe. Hakuna atakayemwuliza alikuwa ameweka wapi vidole.

Mzee Saaduni alipomletea maji ya mwisho alimkuta ameroa jasho. Dhakwani akamwuliza kwa mzunguko, kama imewahi kutokea mtu akatoka bila kuona. Mzee yule akainama kuweka mtungi, akachelewa kuinuka. Akasema kwamba kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna aliyewahi kusema hivyo. Akafunga mlango taratibu.

Baada ya swala ya Alasiri wakakusanyika ukumbini. Watu walikuwa wengi, shali nyeupe kila upande. Siku ile waliotoka khalwa walikuwa wawili, Dhakwani na mfanyabiashara mmoja wa manukato, mtu mwenye ulimi mzuri. Mfanyabiashara akaulizwa kwanza. Akasema ameona nuru ya kijani ikitokea upande wa kibla, ikapanua chumba mpaka hakuona kuta. Ukumbi ukamtukuza Mwenyezi Mungu. Shali ikaletwa, sheikh akamvisha kwa mikono yake. Ile huzuni ilikuwa imemkaa usoni vilevile.

Kisha akamgeukia mgeni. "Na wewe, ndugu yangu Dhakwani. Umeona nini?"

Shali ilikuwa pale, imekunjwa juu ya mkono wa Mzee Saaduni. Dhakwani aliitazama. Akamwona imamu wao akimkumbatia, akaona mtaa mzima umesimama. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wake. Halafu akakumbuka kwa nini ametoka nyumbani. Alikuwa akiogopa kufa akiwa mwongo mbele ya Mola wake, na sasa alikuwa anataka kuitibu hofu hiyo kwa uongo. Akalimeza lile jibu.

"Sheikh wangu," akasema, "sikuona kitu."

Vichwa vyote vikamgeukia. Lakini akishaanza hakuweza kusimama. Akaeleza yote: homa na nadhiri, matandiko ya katika sijida, mkewe na kuku, dengu. Alipofika kwenye vidole na macho sauti ilimkatika, akalia mbele ya watu kama mtoto. Akaomba radhi kwa kuichafua zawiya yao, akajizoa kuondoka.

Sheikh Khusaibu akamshika mkono. Mikunjo ya uso wa mzee ilianza kufunguka mmoja mmoja, mpaka watu waliokaa karibu wakashangaa.

"Kaa," akamwambia. "Kaa, Mwenyezi Mungu akurehemu kama ulivyonirehemu. Mimi sijawahi kuona nuru yoyote maishani mwangu."

Akawaeleza waliohudhuria kwamba alirithi kiti kile bila kupitia khalwa mbele ya watu, kwa hiyo swali lile yeye hakuulizwa kamwe. Alikuwa akikaa na Mola wake kila siku, na kila siku alikuwa anaona kile alichokiona Dhakwani: moyo unaondoka, anaurudisha. Na mwaka hadi mwaka watu wanatoka vyumbani mle wakimwambia nuru, nuru, nuru. Akawaamini wote. Akaona kwamba wanafunzi wote wamempita, na kwamba yeye ndiye mtu pekee katika zawiya ile asiyefaa kukaa humo. Alikuwa amekwisha azimia kukiacha kiti ikifika Rajabu, aende akaishi mahali asipojulikana. Ndiyo huzuni aliyokuwa nayo wakati wote huo.

Hakuwauliza wenzake kitu. Hakuwalaumu. Lakini Mzee Saaduni, naqibu, akaiweka ile shali mpya chini, akavua na yake ya rangi ya chai, akaikunja vizuri na kuiweka juu yake. Akasema, "Na mimi, sheikh wangu. Nilisema hivyo kwa sababu aliyenitangulia alisema hivyo. Nikaona haya kukuvunja moyo."

Basi, wenzangu, ikawa kama mlango wa zizi umefunguliwa. Akavua mwingine, akavua mwingine. Wako waliolia, na wako walioanza kucheka, kwanza kwa kujificha, kisha waziwazi, kicheko cha watu waliobeba mzigo mmoja kila mtu akidhani ni wake peke yake. Mfanyabiashara wa manukato alibaki ameinama, akiwa na shali iliyovaliwa punde ile. Sheikh akamwekea mkono begani. Na kulikuwa na mfumaji mmoja mkimya aliyesema kwa unyenyekevu kwamba yeye, wallahi, aliiona kweli, mara moja, na hajui kwa nini. Sheikh akambusu kichwa akamwambia aivae shali yake, na amshukuru Aliyempa.

Ukumbi ulipotulia, sheikh akamgeukia tena Dhakwani. Akamwuliza moyo wake ulipokuwa ukienda kwenye matandiko, nani aliyekuwa akiurudisha. Dhakwani akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, lakini ulikuwa ukienda tena. Na ukienda tena? Akasema alikuwa akiurudisha tena.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," akasema sheikh. "Hatuna nyingine ya kukufundisha. Moyo ni wa kwenda, na mja ni wa kurudi. Ila usiukaripie. Mama akimkuta mtoto wake anatambaa kizingitini hampigi, anamshika mkono anamrudisha ndani, hata ikiwa mchana kutwa. Na kila uliporudi, ulirudi kwa nani?"

Hapo ndipo Dhakwani alipozinduka. Mwaka mzima alikuwa akihesabu kuondoka kwake, na hakuhesabu kurudi hata mara moja.

Kuhusu nadhiri, sheikh akamweleza kama alivyofundishwa na walimu wake: aliyejifunga na jambo asilolimudu, nadhiri yake inafunguka kwa kafara ya kiapo, nayo ni kulisha masikini kumi. Mola wake hakumtaka lile aliloliahidi katika homa, alijitwisha mwenyewe. Dhakwani akarudia kuuliza, masikini kumi? Akajibiwa ndiyo, shibe moja ya chakula cha kawaida anachokula nyumbani kwake. Akauliza mara ya tatu, kisha akashusha pumzi ndefu ambayo alikuwa ameishikilia tangu alipoinuka kitandani mwa homa. Akacheka mpaka kilemba kikamfunguka. Akakumbuka yale maneno ya sikioni kuhusu kondoo, akasema kwa sauti kwamba mke wake alikuwa ameshaitoa fatwa hii mapema.

Alibaki pale mpaka akazoea kukaa, na alipoaga hakupewa shali, wala hakuitaka. Desturi ya zawiya ile ilibadilika tangu siku hiyo. Aliyetoka khalwa hakuulizwa tena alichoona. Aliulizwa faraghani na sheikh kama alirudi.

Nyumbani, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa imamu na kumweleza kila kitu. Imamu akamwomba aketi, akamwuliza kwa sauti ya chini kama huko alikokwenda wanapokea maimamu. Hilo nalo ni kisa kingine.

Siku ya kafara Bi Lubaba alipika dengu na nyama, na mumewe akaokota kuni, akachota maji, akatandika mikeka uani kwa masikini wa mtaa. Kuku walilia walivyotaka, na hakuna aliyelaumiwa. Wageni wakala wakashiba, wakawaombea wenye nyumba, wakaenda zao. Ikaingia Alasiri, na Dhakwani, kwa kuwa alichelewa swala ya jamaa msikitini kwa ajili ya wageni, akaswali uani na mkewe nyuma yake.

Akafunga takbira. Alipofika rakaa ya pili moyo ukamwambia kwamba hakufunika sufuria, na paka wa jirani alikuwa ukutani. Akaushika mkono akaurudisha. Ukaenda tena kwenye sufuria. Akaurudisha tena, bila ukali, na katika sijida akajihisi amewekewa mkono mgongoni, kama mtu aliyechelewa nyumbani na kukuta mlango haujafungwa. Akakaa pale chini kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

Walipotoa salamu, paka alikuwa ndani ya sufuria mpaka mabega. Hakuna aliyeinuka kumfukuza.

"Baba Suhaila," akauliza Bi Lubaba, "leo moyo ulikuwa wapi?"

"Jikoni," akasema. "Nikaurudisha. Ukaenda tena, nikaurudisha tena."

Bi Lubaba akanyoosha ncha ya mkeka. Kisha akasema kwamba na wake huwa hivyo, tangu alipofundishwa kuswali akiwa msichana. Miaka yote hiyo ya ndoa, akisikia mumewe anavyosoma kwa utulivu mbele yake, alikuwa akidhani ni yeye peke yake. Macho yalikuwa yamemjaa maji, naye anatabasamu.

Wakaketi pale uani mpaka jua likaegemea ukuta, wakisimuliana mahali mioyo yao ilikokwisha kufika wakiwa wameelekea kibla, na wakacheka mpaka paka akaondoka mwenyewe.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili. Nasi tutakaposimama kesho alfajiri, na moyo ukachukua kikapu chake kama kawaida yake, tusiufungie mlango kwa hasira. Tuuite tu. Yeye tunayerudi Kwake hakuwahi kuchoka kutupokea.